Master of Puppets au Reign in Blood: Uanze na Albamu Ipi ya Thrashi?

Mtu aliyekwisha kuamua kuujaribu muziki wa thrashi, ule mkondo wa metali (roki nzito ya magitaa ya umeme) uliochipuka Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuoanisha metali ya Uingereza na kasi ya panki, yaani roki fupi na kali, hakosi kukutana na washauri wa aina mbili. Wa kwanza humwambia aanze na Master of Puppets ya Metallica. Wa pili humwambia kwamba ambaye hajaisikia Reign in Blood ya Slayer bado hajaisikia thrashi yenyewe, na kwamba hayo mengine ni maandalizi tu. Mwenye muda wa kutosha ataambiwa azisikilize zote mbili, na ushauri huo ni sahihi lakini haumsaidii anayeuliza aanze na ipi.

Ukizitazama kwa mbali, mambo yanayozifananisha ni mengi. Albamu zote mbili zilitoka mwaka 1986, ya Metallica tarehe 3 Machi na ya Slayer mwezi Oktoba. Kila moja ni albamu ya tatu ya studio kwa bendi yake. Bendi zote mbili ziliundwa mwaka 1981 katika eneo la Los Angeles, ingawa Metallica ilihamia upande wa San Francisco mwaka 1983 kwa sababu Cliff Burton, waliyemtaka kwa gitaa la besi, hakukubali kuhama kwao. Kila bendi ilikuwa na vijana wanne, na wakati wa kurekodi hapakuwa na hata mmoja aliyezidi miaka 25. Metallica walikuwa James Hetfield, Kirk Hammett, Lars Ulrich na Burton. Slayer walikuwa Tom Araya aliyezaliwa Chile, Dave Lombardo aliyezaliwa Cuba, Kerry King na Jeff Hanneman.

Tofauti inaanza pale bendi hizi zinapokabiliana na tatizo moja ambalo kila mpiga thrashi hulijua, nalo ni kwamba kasi inachosha. Sikio la binadamu hushtuka dakika ya kwanza, hufurahia ya pili na ya tatu, kisha huzoea, na kasi iliyozoeleka haina tena nguvu ya kasi. Metallica walilitatua tatizo hilo kwa kuikatakata kasi na kuiwekea vituo vya kupumzikia. Slayer walilitatua kwa kumaliza kabla msikilizaji hajachoka. Kwa maoni yangu, karibu kila kingine kinachozitenga albamu hizi kinatokana na majibu hayo mawili, na anayetaka kuchagua anapaswa kwanza kujiuliza ni jibu lipi linalomwelekea.

Urefu na mpangilio

Master of Puppets ina nyimbo 8 zinazochukua takriban dakika 55. Reign in Blood ina nyimbo 10 na haifiki nusu saa. Ni kama dakika 29 tu. Ukiichukua santuri ya Metallica na kupiga upande wa kwanza peke yake, unatumia karibu dakika 27, maana yake ni kwamba upande mmoja wa Metallica unakaribia kuwa albamu nzima ya Slayer. Wale waliotengeneza kaseti ya Slayer waliona nafasi imebaki kubwa mno, wakairekodi albamu nzima katika kila upande, kiasi kwamba mwenye kaseti hiyo hakuwa na haja ya kurudisha mkanda nyuma: aligeuza tu na kuanza upya.

Ufupi huo haukuwa bahati mbaya. Albamu ya Slayer iliyotangulia, Hell Awaits ya mwaka 1985, ilikuwa na nyimbo ndefu zenye sehemu nyingi. Hanneman alikuja kueleza baadaye kwamba walipowasikiliza wenzao wa Metallica na Megadeth waliona rifu ikirudiwa mara nyingi hadi wao wenyewe wakachoka. Rifu ni kile kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwarudiwa na kuubeba wimbo, na katika thrashi ndiyo mgongo wa kila kitu. Slayer wakaamua kwamba rifu ikishasema lililo lake inatolewa, inaingia nyingine, na beti zikiisha wimbo nao unaisha. Necrophobic inachukua dakika moja na sekunde arobaini hivi. Piece by Piece inaigusa dakika ya pili na kutoweka.

Msikilizaji wa kwetu asiogope urefu wa Metallica. Aliyelelewa na taarabu, ambamo wimbo wa dakika kumi ni wa kawaida na watu wanangoja kwa utulivu hadi wakati wa kutuza, au aliyezoea rumba ya Kikongo ambayo huimba kwa upole kwanza ndipo iingie sebene, tayari ana sikio la kusubiri. Muundo wa nyimbo nyingi za Master of Puppets unaeleweka kwa urahisi kwa mtu wa namna hiyo, kwa kuwa anajua kwamba utulivu unaandaa kitu. Reign in Blood ndiyo itakayomtatiza, kwa sababu huanzia kwenye sebene, huendelea kwenye sebene na humalizia hapohapo. Nasema hivi kwa muundo tu. Mtu asije akanunua albamu ya Slayer kwa kutarajia kucheza kiuno.

Wimbo mmoja kwa mmoja

Njia nzuri ya kuzipima ni kuchukua wimbo mmoja kutoka kila upande na kuusikiliza kwa makini. Kwa Metallica uwe wimbo uliobeba jina la albamu, jina linalomaanisha bwana wa vikaragosi, yaani yule anayeshika nyuzi na kuwachezesha wengine. Wimbo una dakika nane na nusu. Mapigo yake ya mwanzo ni ya kasi kubwa, lakini linalostaajabisha ni mkono wa kulia wa Hetfield, ambao hupiga nyuzi kwa kushuka tu, karibu wakati wote, bila kupokezana kushuka na kupanda kama wapigaji wengi wafanyavyo ili wapumzike. Kila noti inapigwa kutoka juu kama mtu anayetwanga, na ndiyo sababu rifu ile inasikika imekaza kiasi kile. Mpiga gitaa yeyote anayetilia shaka jambo hili ajaribu kwa dakika mbili aone kiwiko chake kitamwambia nini.

Kabla ya dakika ya nne mambo yanageuka. Ngurumo inakatika, magitaa yanabaki safi bila mkwaruzo, na solo ya kwanza, ambayo ni ya Hetfield mwenyewe na si ya Hammett, inapita polepole kama mtu anayetembea ufukweni magharibi. Kisha uzito unarudi taratibu, sauti zinapanda, Hammett anaingia na solo yake ya kasi, na rifu ya mwanzo inaporejea haisikiki tena kama ilivyosikika mara ya kwanza. Wimbo unahusu dawa za kulevya, na hasa jinsi zinavyomgeuza mtumiaji kuwa mtumwa. Anayezungumza katika beti ni dawa yenyewe, ndiyo inayojiita bwana. Mwishoni panasikika vicheko. Msikilizaji aliyefuata maneno anajua ni nani anayecheka.

Kwa Slayer uwe Angel of Death, wimbo wa kwanza wa albamu. Magitaa yanaingia bila utangulizi wowote, na kabla hujajua umesimama wapi Araya anatoa ukelele mmoja mrefu wa juu ambao waimbaji wa metali wamekuwa wakiuiga hadi leo. Wimbo hauzidi dakika tano, nao ndio mrefu kuliko zote katika albamu hii. Mwendo wake ni kama mapigo 210 kwa dakika. Katikati unashuka ghafla hadi mwendo mzito wa kutingisha kichwa, na rifu ya sehemu ile ndiyo ambayo Public Enemy waliichukua mwaka 1988 na kuiweka ndani ya She Watch Channel Zero?!, wimbo wa kufokafoka. Karibu na mwisho magitaa yananyamaza, na kwa sekunde chache tu unasikia miguu miwili ya Lombardo ikikanyaga ngoma kubwa peke yake, kwa kasi ambayo mara ya kwanza nilidhani ni mashine. Halafu bendi nzima inarudi na kufunga.

Nikiri hapa kwamba mara ya kwanza niliisikiliza Reign in Blood ndani ya daladala, kwa spika za masikioni za bei ya chini ambazo upande mmoja ulikuwa umekufa, na nilichosikia kilikuwa mvumo kama wa mashine ya kusaga unga. Niliizima nikaamua kwamba waliokuwa wakiisifu walikuwa wakijionesha. Ilinichukua mwaka mzima kuirudia, safari hii usiku nyumbani kwa spika nzuri, ndipo nilipogundua kwamba magitaa mawili yametenganishwa, la King upande wake na la Hanneman upande wake, na kwamba nilikuwa nimemsikiliza mpiga gitaa mmoja nikamhukumu kwa makosa ya wawili. Master of Puppets inastahimili vifaa vibovu zaidi, kwa kuwa gitaa zote za rithimu zilipigwa na Hetfield mwenyewe, tabaka juu ya tabaka, huku na kule kitu kilekile. Asiye na kifaa kizuri cha kusikilizia alizingatie hilo kabla hajaamua.

Studio mbili, masikio mawili

Metallica walirekodi Copenhagen, Denmark, katika studio ya Sweet Silence, kuanzia Septemba hadi Desemba 1985, wakiwa na mtayarishaji Flemming Rasmussen ambaye ndiye aliyewashughulikia pia katika albamu ya pili. Miezi ile yote inasikika. Battery, wimbo wa kufungulia, huanza na magitaa yasiyo ya umeme yaliyopangwa kwa safu, yenye ladha ya Kihispania, na huchukua zaidi ya nusu dakika kabla ya kishindo. Damage, Inc., wimbo wa kufungia, huanza na sauti za besi zilizogeuzwa kinyumenyume, zinazovimba na kusinyaa kama kitu kinachopumua. Kazi ya kuchanganya sauti ilifanywa na Michael Wagener huko Marekani, na matokeo yake ni sauti nene, pana, yenye nafasi ya kutosha. Ukifunga macho utadhani bendi iko ukumbini.

Slayer walirekodi Los Angeles mwaka 1986 katika muda mfupi zaidi, na mtayarishaji wao alikuwa Rick Rubin, kijana ambaye mpaka wakati huo alijulikana kwa hip-hop. Rubin na Russell Simmons ndio waliokuwa wakiiendesha Def Jam, kampuni ya LL Cool J na Beastie Boys, na watu wengi wa metali walishangaa bendi kama Slayer ilikwenda kufanya nini huko. Jibu limo katika sauti ya albamu. Rubin, akisaidiwa na fundi mitambo Andy Wallace, aliondoa mwangwi. Albamu za awali za Slayer, kama metali nyingi ya wakati ule, zilikuwa zimeogeshwa kwenye mwangwi ili zionekane kubwa na za kutisha. Lakini mwangwi katika mwendo wa kasi hufanya noti moja imeze nyingine, na mwisho wa yote ni uji. Mtu wa hip-hop amezoea ngoma kavu iliyo karibu na sikio. Rubin akaleta ukavu huo kwenye thrashi, na kwa mara ya kwanza Slayer wakasikika kila noti, kila pigo, bila pazia. Binafsi nauona uamuzi huo mmoja kuwa mkubwa kuliko wimbo wowote uliomo, na ndiyo sababu albamu hii haijazeeka kama zilivyozeeka nyingi za umri wake.

Kwa hiyo msikilizaji anayependa kuzungukwa na sauti ataridhika zaidi na Metallica. Anayependa sauti iliyosimama mbele yake sentimita chache, isiyo na mapambo, atairidhia Slayer. Besi ni suala jingine. Katika Reign in Blood besi ya Araya imefunikwa na magitaa na ni vigumu kuifuatilia, ilhali Master of Puppets ina Orion, wimbo wa zaidi ya dakika nane usio na mwimbaji hata mmoja, ambamo Burton anapewa nafasi ya kulifanya gitaa la besi lizungumze kama gitaa la solo. Anayekuja kwenye metali akitokea jazi au dansi, na ambaye hupenda kusikia vyombo vikijibizana, asitafute mbali, aanzie hapo.

Maneno, na watu wa nyumbani

Suala la maneno halipaswi kupitwa haraka, hasa kwa msikilizaji anayeishi na wazazi, au aliye na watoto wanaoelewa Kiingereza. Master of Puppets ni albamu moja yenye hasira kuhusu mamlaka juu ya mtu asiye na uwezo. Mbali na dawa za kulevya, Welcome Home (Sanitarium) inamhusu mgonjwa aliyefungiwa katika hospitali ya akili, Disposable Heroes inamhusu askari anayetumwa kufa na kuamriwa arudi mstari wa mbele, na Leper Messiah inawahusu wahubiri wa televisheni wanaoahidi baraka kwa kutumiwa fedha. Huo wa mwisho, ambao nchini Marekani ulielekezwa kwa wahubiri wa miaka ile, msikilizaji wa Dar es Salaam au Nairobi wa leo hatahitaji kufafanuliwa. Jalada nalo linasema jambo lilelile: makaburi ya misalaba myeupe, kila mmoja umefungwa uzi, na nyuzi zote zinapanda hadi kwenye mikono miwili juu angani. Ni uchoraji wa Don Brautigam.

Reign in Blood haina upole wa namna hiyo. Nyimbo zake nyingi ni za vifo, maradhi, wendawazimu na taswira za kishetani, na Jesus Saves, pamoja na jina lake, ni dhihaka kwa waumini. Araya ni Mkatoliki, na amekwisha kusema kwamba haoni mgongano kwa kuwa anaimba hadithi za kutisha. Maelezo hayo huenda yakamtosha mtu mmoja na yasimtoshe mwingine. Uzito mkubwa zaidi uko kwenye Angel of Death, ambao unaeleza ukatili wa Josef Mengele, daktari wa Kinazi aliyewafanyia wafungwa wa Auschwitz majaribio ya kinyama. Maneno, yaliyoandikwa na Hanneman, yanaorodhesha mateso yale bila kuyalaani waziwazi, na kwa sababu hiyo bendi ilishutumiwa kuwa na huruma na Wanazi. Slayer walikanusha, na Hanneman alishikilia kwamba uovu wa Mengele ni dhahiri kiasi kwamba haukuhitaji yeye aje kuutangaza. Nakubaliana naye nusu. Ni kweli kwamba hakuna mstari unaomsifu daktari yule, lakini mwandishi anayechagua kunyamaza mbele ya jambo zito kiasi hicho asishangae wengine wakiujaza ukimya wake kwa tafsiri zao. Msikilizaji ajiamulie, ila ajue mapema anachokisikiliza.

Namna zilivyotoka

Maneno hayo ndiyo yaliyoichelewesha albamu ya Slayer. Def Jam ilikuwa ikisambaziwa kazi zake na Columbia, na Columbia ilipoona jalada lililochorwa na Larry Carroll, pamoja na maneno ya wimbo ule wa kwanza, ilikataa kuisambaza. Geffen ndiyo iliyokubali kuitoa, lakini haikuiweka katika ratiba yake rasmi ya matoleo. Pamoja na kufichwafichwa huko, na bila kupigwa redioni kwa maana yoyote, albamu ilifika nafasi ya 94 katika Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani, na mwaka 1992 ilithibitishwa kuwa ya dhahabu nchini Marekani, kiwango cha nakala 500,000. Hata hivyo fedha zilikuwa chache kiasi kwamba Lombardo aliiacha bendi katikati ya ziara ya albamu hiyohiyo aliyoipigia ngoma kwa namna ile, na Tony Scaglione akashika nafasi yake mpaka aliporejea mwaka uliofuata.

Metallica walikuwa na njia iliyonyooka zaidi mwanzoni. Walikuwa na Elektra, kampuni kubwa, na ingawa hawakutengeneza video hata moja, walipata nafasi ya kumtangulia jukwaani mwimbaji mashuhuri wa metali, Ozzy Osbourne, kwa miezi kadhaa ya mwaka 1986, wakicheza mbele ya maelfu ya watu ambao hawakuwa wamekuja kwa ajili yao. Albamu ilifika nafasi ya 29 na ikawa ya dhahabu kabla ya mwaka kuisha. Lakini tarehe 27 Septemba 1986, bendi ikiwa safarini nchini Uswidi, basi lao lilipinduka alfajiri na Cliff Burton akafariki akiwa na miaka 24. Kwenye mazishi yake ulipigwa Orion. Wakati Reign in Blood inaingia madukani, wiki chache baadaye, Metallica walikuwa wakitafuta mpiga besi mwingine, na kwa hiyo Master of Puppets ni albamu ya mwisho ya kundi lile la watu wanne. Sijui kama mtu anaweza kuisikiliza Orion leo bila kulikumbuka hilo, mimi siwezi.

Yaliyofuata yanajulikana. Kufikia mwaka 2003 Master of Puppets ilithibitishwa nchini Marekani kwa nakala milioni 6. Mwaka 2016 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika orodha yake ya rekodi zinazostahili kuhifadhiwa, ikiwa rekodi ya kwanza ya metali kupewa nafasi hiyo, na mwaka 2022 wimbo wenye jina la albamu uliwafikia vijana ambao wazazi wao walikuwa watoto ulipotoka, kupitia tamthilia ya Stranger Things. Urithi wa Reign in Blood hauonekani kwenye hesabu za mauzo. Uko kwa wanamuziki. Metali ya vifo (death metal) na mikondo mingine mikali iliyofuata imejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya ngoma za Lombardo na ukavu wa Rubin.

Sasa, ipi?

Kwa mtu ambaye hajawahi kusikiliza metali kabisa, ninashauri Master of Puppets bila kusitasita, kwa sababu inafundisha. Inakuonesha kasi, kisha inakupa muda wa kuielewa, na ukifika mwisho utakuwa umejifunza namna ya kusikiliza bila kufundishwa darasani. Usianze na The Thing That Should Not Be, ambao ni mzito na wa polepole na ndio wimbo ninaouona dhaifu katika albamu. Uufikie kwa zamu yake. Kwa mtu anayetoka kwenye panki, au kwenye hip-hop kali, au ambaye tayari ameshazoea magitaa yenye mkwaruzo na anataka kujua mpaka wa thrashi uko wapi, Reign in Blood ndiyo yake, na Metallica inaweza hata kumchosha. Vilevile kwa mtu mwenye nusu saa tu kwa siku, mathalani njiani kwenda kazini, ya Slayer inaingia nzima katika safari moja, na hii si sababu ndogo: albamu hii iliundwa isikilizwe kwa pumzi moja, ilhali ya Metallica inaweza kugawanywa mara mbili pale santuri ilipogeuzwa, baada ya Sanitarium, bila kupoteza kitu.

Ukiniuliza mimi ni ipi ninayoiheshimu zaidi, nitasema ya Metallica. Ukiangalia ni ipi niliyoipiga mara nyingi zaidi, utakuta ni ya Slayer, na si kwa kuwa ni fupi tu.

Limebaki suala la toleo. Master of Puppets ilisafishwa upya mwaka 2017 na kutolewa tena, pamoja na kasha kubwa lenye rekodi za mazoezi na maonesho ya wakati ule; kasha hilo ni la mpenzi aliyekolea, na anayeanza anatoshelezwa kabisa na nyimbo nane za asili. Kwa Reign in Blood kuna tahadhari moja. Albamu ya asili inaishia kwa Raining Blood, wimbo unaofunguliwa kwa radi na mvua, magitaa yakilia kwa mbali, na ngoma za Lombardo zikibisha mara tatu tatu kama mtu aliye mlangoni. Jina la wimbo linachezea jina la albamu, kwa kuwa katika Kiingereza kutawala na kunyesha hutamkwa sawasawa. Fujo inapofika kileleni kila kitu kinakatika, na kinachobaki kwa karibu dakika nzima ni mvua tu inayonyesha. Toleo la mwaka 1998, ambalo ndilo linalopatikana sehemu nyingi, limeongeza nyimbo mbili baada ya hapo. Ukilipata hilo, mvua ikikatika, zima.